Kiboko Aliyeuficha Wimbo wa Usingizi

"Nisimulie?"
"Simulia, tumekaa!"
"Na uongo nitie?"
"Tia, usizidishe!"
"Atakayesinzia?"
"Tutamfunika!"

Haya. Ninyi vijana mmeniomba niwaeleze jinsi ya kuchangia programu huria, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua, kuitazama na kuirekebisha. Mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu. Ninachokijua ni habari za pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mfupi, hana mkia, akili kibao. Nitawapa pimbi, mengine mtajaza wenyewe.

Hapo zamani wanyama walikuwa na wimbo wa usingizi. Wimbo huo ulikaa ndani ya kibuyu. Jua likizama, kibuyu kinazibuliwa, pwa! Wimbo unatoka polepole: maji yamelala, mmm... mawe yamelala, mmm... upepo umevua viatu, mmm... Kabla haujafika mwisho, wote wako usingizini, wanaota. Twiga anaota kuwa yeye ni mfupi. Kobe anaota anaelea juu ya mawingu, na mawingu yana ladha ya matango.

Hakuna aliyeutunga peke yake. Wimbo ulichakaa kama kikoi, leo unachanika hapa, kesho pale, na yeyote aliruhusiwa kuutia kiraka. Lakini kulikuwa na desturi. Kwanza usikilize wimbo ulivyo. Kisha useme kosa liko wapi. Kisha ulete kiraka kimoja, kidogo, umpelekee Kobe, mtunza kibuyu. Kobe atakuuliza, "Umekijaribu kwako?" Ukisema ndiyo, wenzako wanalala nacho. Wakiota vizuri, kinabaki. Wakiota vibaya, unarudishiwa, bila matusi. Twiga aliwahi kuleta wimbo mzima mpya ambao hakuna aliyemwomba. Akarudishiwa, akanuna mpaka mvua zikapita. Mama Pimbi alileta neno moja tu, "viatu," nalo likabaki.

Sasa, Kiboko. Kiboko alilala kila siku na hakuwahi kuchangia hata "mmm." Siku moja akajisemea, "Wimbo mtamu hivi, kwa nini nigawane na vijinyama vya majabalini?" Akakikwapua kibuyu, akazama nacho bwawani, chubwi!

Jua likazama. Wimbo hakuna. Wanyama wakakesha, macho mekundu, swala wanagongana njiani. Mtoto wa Mama Pimbi, ambaye bado alikuwa ananyonya, alilia mpaka sauti ikakauka, akawa analia kwa mdomo tu. Kila siku alizidi kuwa mwepesi mgongoni. Mama yake akaogopa sana.

Kule bwawani Kiboko alikuwa analala peke yake: kho, kho, kho. Lakini viraka hakuna anayetia. Wimbo ukachanika katikati, na yeye akifika hapo anashtuka. Kho, kho, yu macho! Kho, kho, yu macho! Mwishowe akapanda majabalini, anahema.

"We Mama Pimbi! Wimbo wangu mbovu."

"Karibu, Mzee Kiboko. Mbovu vipi?"

"Mbovu tu!"

"Mbovu tu si taarifa, mzee wangu. Unashtukia mstari gani? Ukianza tena, unashtukia palepale?"

Kiboko akakuna kichwa. "Baada ya mawe... kabla ya upepo. Palepale kila mara."

"Hapo umesema."

"Basi ziba!"

"Nitazibaje? Nikiusikiliza peke yangu nitasinzia kabla ya kufika kwenye tundu. Waite wote. Mmoja akisinzia, mwingine anaendelea kusikiliza."

"Wote?"

"Wote. Au endelea kushtuka."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwenyewe kulimchukua mchana mzima. "Haya. Lakini tundu likizibwa tu, kila mtu kwao!"

"Kila mtu kwao, mzee."

Mama Pimbi huyo, kwa Swala, chapu chapu chapu! "Njoo bwawani. Mstari utakaosinzia nao, uume kwa meno, usiuachie." Huyo, kwa Kobe, chapu chapu chapu! "Mstari utakaosinzia nao, uume kwa meno." Kobe akasema hana meno. "Basi ubane kwa taya, babu." Huyo, kwa Twiga, chapu chapu chapu!

Jua likazama. Kibuyu, pwa! Maji yamelala, mmm... Swala akasinzia na maji. Mawe yamelala, mmm... Kobe akasinzia na mawe. Kisha tundu, na Kiboko akaanza kushtuka. Mama Pimbi alikuwa amejaza mchanga mdomoni ili asilale. Akautema, pfuu! Akatia kiraka: na mkubwa wa bwawa amelala, mmm... Kiboko akasikia anatajwa, akatabasamu, akalala fofofo. Upepo umevua viatu, mmm... Twiga naye, puu!

Kulipokucha, Kiboko akafurahi. "Nimelala! Haya, ondokeni!"

Wakaondoka wamefumba midomo, hakuna aliyeaga. Kiboko akadhani ni heshima.

Kule majabalini Kobe akaleta kibuyu kingine. Swala akafumbua mdomo, akamimina maji. Kobe akamimina mawe. Mama Pimbi akamimina kiraka chake, Twiga akainama, akamimina upepo.

"Na mwisho wake?" akauliza Kobe.

"Mwisho hatujawahi kuufikia," akasema Mama Pimbi. "Tutautunga tukiendelea."

Jua lilipozama wakakizibua. Mtoto akapiga mwayo mkubwa kuliko yeye, akalala. Mama yake akalia kwa furaha, akalala na machozi yake.

Zikapita siku. Wimbo wa Kiboko ukachanika tena, tena na tena. Wa majabalini ukarefuka: mtu aliongeza umande, mtu aliongeza mbalamwezi. Kiboko akausikia kwa mbali, akashindwa kuvumilia. Akapanda tena, polepole, kibuyu chake kibovu kwapani.

"Mama Pimbi," akanong'ona, "nipe na mimi kipande."

Mama Pimbi alikuwa ameshafumba jicho moja. "Chukua wote, mzee. Ni wako pia, tangu mwanzo."

Kiboko akasimama pale, mdomo wazi.

"Sasa mimi niliiba nini?"

Wote walikuwa wamelala.

Basi vijana, funzo ni hili: ukiwa na kitu kizuri, kaa nacho bwawani, usimwonyeshe mtu. Ukiona kosa, sema "mbovu tu" kisha unune. Na ukitaka kuchangia, usiulize, usijaribu, leta wimbo mzima.

"Tumesikia!"
"Mtafanya hivyo?"
"Hatufanyi!"

Ngano yangu naiacha hapa, haina kizibo. Ilipochanika, shoneni.