Shuka Jeupe la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wakati chui alikuwa bado anaalikwa kwenye shughuli za watu, palikuwa na pimbi mmoja mjane aliyekaa na wanawe ndani ya jabali. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo wa mawe, hana mkia, wala hajawahi kuulilia.

Mwaka ule mvua ilikatika. Mito ikawa njia za kupita kwa miguu. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ndogo ndani ya pango la Bi Pimbi, na mlango wa pango ulikuwa umezibwa na jiwe kubwa lililoacha upenyo wa kupita panya, kindi na wenzao. Wadogo wakawa wanakunywa. Wakubwa wakakaa nje wakimeza mate.

Jioni moja wakubwa watatu walikutana chini ya jabali.

"Jiwe nitalisukuma mimi kwa pembe," akasema Mzee Nyati.

"Limezama ardhini. Mimi nitachimbua chini yake kwanza," akasema Fisi.

"Mkishalitoa, mimi nitaingia," akasema Chui. "Maji tutagawana. Watoto wa pimbi niachieni."

"Basi kesho alfajiri. Kila mtu atoke kwake, tukutane mlangoni," akamalizia Fisi.

Fisi hajui kunong'ona. Bi Pimbi, aliyekuwa juu ya jabali akiota jua la mwisho, alisikia kila neno, mpaka lile la watoto.  Aliogopa sana, na hilo si jambo la kumcheka.

Lakini Bi Pimbi alikuwa mpishi wa shughuli. Alipika kwenye misiba ya nyati, alipika kwenye harusi za fisi, na mwaka wa vita aliwapikia chui kambini. Mpishi huona mengi, kwa kuwa watu hutazama sufuria, yeye hawamtazami.

Akaingia ndani, akalivuta shuka walilolalia wanawe, akachota maji na kuanza kulifua.

"Mama, unafua saa hizi?" akauliza binti yake mdogo.

"Nani alilikojolea jana?"

Binti akaanza kuhesabu vidole vyake.

Chwa, chwa, chwa. Akalisugua kwa jivu, akalisuuza, likawa jeupe pe. Kisha akatoka, akalianika mlangoni juu ya jiwe.

"Kesho mtu akiuliza chochote," akasema, "msijibu. Nitajibu mimi."

Sasa nyeupe, wanangu, ni neno lenye kazi nyingi. Mtu mwema tunasema ana moyo mweupe. Asiyejua kitu, kichwa chake ni cheupe. Jambo lisilofichwa limewekwa kweupe, na jua likitoka tunasema kumekucha, kweupe pe. Na kitambaa cheupe mlangoni nacho, kila ukoo una habari yake.

Alfajiri, wa kwanza kufika alikuwa Mzee Nyati. Du, du, du. Akaliona shuka, akasimama.

Kwao nyati kitambaa cheupe mlangoni ni sanda, maana yake nyumba ina maiti. Hapo hawasukumi hata unyasi. Huinamisha pembe, hukaa chini, na hawamruhusu mtu kupaza sauti mpaka maziko yaishe.

"Poleni, wafiwa," akasema Nyati kwa sauti nzito. "Mungu awape subira."

Ndani kimya. Wafiwa mara nyingi hawana la kusema, kwa hiyo Nyati hakushangaa. Akakaa, akafumba macho.

Akaja Fisi, anachechemea. Kwao fisi kitambaa cheupe mlangoni ni harusi, na jirani asiyeshangilia huitwa mchawi.

"Hi hi hii! Kumbe leo kuna harusi, nami sikualikwa," akasema Fisi. Akasahau jiwe, akasahau kuchimba. "Li-li-li-li-li! Bibi harusi yuko wapi? Na pilau je?"

"Fisi, nyamaza," akasema Nyati.

"Ninyamaze harusini?"

"Humu kuna maiti."

"Usitaje maiti hapa, mzee. Ni mkosi. Inuka ucheze, umekaa kama umefiwa."

Fisi akaanza kukata kiuno mbele ya pua ya Nyati. Nyati akavumilia kidogo, akavumilia tena, halafu akainuka. Puu! Fisi akapaa, akatua kwenye miiba.

Ndipo Chui akashuka kutoka juu ya mawe. Kwao chui ni watu wa vita. Kitambaa cheupe mlangoni maana yake mwenye nyumba amesalimu amri, na nyumba hiyo ni ya chui mwenyewe. Mwingine akiukanyaga mlango wake ni vita upya.

"Mnafanya nini kwenye nyumba yangu?" akauliza Chui.

"Yako tangu lini?" akauliza Nyati.

"Pimbi amesalimu amri kwangu. Si mnaiona bendera? Ondokeni."

"Sanda ya watu unaiita bendera?" akasema Nyati.

"Na mapambo ya harusi wewe unayaita sanda," akasema Fisi kutoka kwenye miiba.

Basi wakashikana. Pa, kacha, gruu! Chui akamchana Nyati mgongo. Nyati akamvunja Chui mbavu. Fisi akawauma wote wawili, kwa sababu hakujua yupi ni wa upande wa bibi harusi. Vumbi lilipotulia, wote walikuwa chini wanahema.

Jua lilikuwa limetoka. Bi Pimbi akatoka kwenye upenyo, akapanda juu ya jiwe, akashika pindo la shuka kuona kama limekauka.

"Bi Pimbi," akauliza Nyati, "marehemu ni nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Bibi harusi je?" akauliza Fisi.

"Hakuna anayeolewa."

"Basi umesalimu amri," akasema Chui.

"Sijasalimu amri kwa mtu."

"Sasa hiyo nyeupe ni ya nini?" wakauliza wote.

"Ni shuka la wanangu," akasema Bi Pimbi. "Lilikojolewa, nikalifua."

 Ndani ya pango sauti ndogo ikasema, "Si mimi."

Nyati akainuka kwa shida. "Mimi sisukumi jiwe pamoja na mtu anayecheka msibani."

"Nami simchimbii mtu aliyenipiga pembe harusini," akasema Fisi.

"Lakini hapakuwa na msiba wala harusi," akasema Chui.

"Wewe usiseme kitu. Ulitaka nyumba peke yako," wakajibu wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la mwisho walilowahi kukubaliana.

Kila mmoja akashika njia yake. Chui alirudi kidogo kulijaribu jiwe, kwaru, kwaru, likamvunja kucha. Akaondoka akizilamba.

Bi Pimbi akalianua shuka, akalikunja, akaingia kwa wanawe.

Kitu cheupe hakisemi neno. Kila mtu hukisemea ya kwao, na mjanja ni yule ayajuaye ya kwao wenzake.

Hadithi niliianika, nami nimeianua.