Jani la Mkoma Lilivyochanika

Ninyi mnaovaa kofia za miyaa na kuzitupa pembeni jua likizama, tulieni niwaambie zilikotoka.

Zamani hizo jani la mkoma, ndugu yake mnazi, lilikuwa zima, pana na nyororo kama la mgomba. Mkoma ulilionea fahari jani lake. Jua likipanda, ulilikunja lisije likachanika. Nao watu hawakujua kofia wala mkeka.

Mwaka mmoja visima vilikauka, watu wakahama kuelekea mtoni, ng'ambo ya uwanda wa chumvi. Mwanamke mmoja, Mbodze, alibaki nyuma ya wenziwe kwa sababu ya mkwewe, Bi Sidi, aliyekuwa amevimba miguu. Alimbeba mgongoni. Jua la utosi likawakuta katikati ya uwanda, na midomo ya kikongwe ikaanza kupasuka.

"Niache, mwanangu," Bi Sidi akanong'ona. "Wanao wametangulia mtoni, wanakungoja."

"Nilipokuja kwako yatima hukuniacha mlangoni, Mama. Nami sikuachi."

Mbele yao ulisimama mkoma mmoja tu. Mbodze akamlaza mkwewe shinani, akapiga magoti.

"Ewe mkoma, mfunike mama yangu."

"Nikilifunua jani langu sasa, jua litalichana," mkoma ukajibu. "Halitakuwa zima tena."

"Najua ninaomba kitu kikubwa. Wala sina cha kukupa."

 Jani likafunguka polepole, kivuli kikamwangukia kikongwe usoni. Mchana wote uliobaki Mbodze alilisikia likichanika juu yake, tra, tra, na chini yake Bi Sidi akipumua.

Jua lilipopoa, jani lilikuwa chane tupu. Mbodze akalia. Akaanza kuzipitisha chane, hii juu ya ile, apate kuliunga. Lakini kadiri alivyosuka, ndivyo lilivyojikunja kama bakuli.

"Nimeshindwa kulirudisha," akasema.

"Likate umvike mama yako kichwani," mkoma ukamwambia. "Kesho jua litatoka tena, nami siwezi kutembea nanyi."

Wakafika mtoni wote wawili.

Na tangu siku hiyo jani la mkoma hutoka likiwa limekunjwa, likifunguka hupasuka kama vidole. Na kwetu, anayemaliza kusuka kofia yake ya kwanza haivai. Humvika mzee aliyemlea, kisha huumwagia mkoma kata ya maji, hata kama ni mwaka wa ukame.