Mwinyi Chewa Katika Kidimbwi cha Moto

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa wakijenga na kuoana kama sisi, bahari ilishikwa na joto lisilotaka kuondoka. Kwenye mwamba wa nje matumbawe yalipauka, yakawa meupe kama mifupa. Hata nyumba ya tumbawe ya Mwinyi Chewa, samaki mkubwa mwenye mdomo mpana, ilipauka, naye ndiye aliyejisifu daima kwamba hakuna tumbawe lenye ukoo bora kuliko lake.

Karibu na ufuo palikuwa na kidimbwi kilichozungukwa na mawe, chenye mlango mmoja tu wa kutokea baharini. Humo aliishi kaa mdogo, Mwanakheri, na mayai yake ameyabeba chini ya tumbo. Matumbawe yake mengi yalikuwa bado na rangi yao.

Siku ya bamvua, maji yalipojaa kupita kawaida, Mwinyi Chewa akaingia. Shwaa! Mwanakheri akajibana kwenye tawi la tumbawe.

"Hama," Chewa akasema. "Jamaa zangu wote wanakuja kukaa hapa. Ukichelewa nakumeza, wewe na hayo mayai."

Mwanakheri alijua jamaa wale wangevunja kila tawi kwa mikia yao. Akayatazama maji. Yalikuwa yameanza kupwa.

"Sawa, Mwinyi. Ila majirani wataniuliza nimempisha nani. Nitajie ukoo wako, niutangaze vizuri."

Chewa akatuna. Akaanza na baba yake, akapanda kwa babu, akaingia kwa wajomba.

"Enhe. Na huyo alimzaa nani?" Mwanakheri aliuliza, moyo ukimdunda du, du, du.

Chewa akasimulia harusi, akasimulia vita. Hata alipofika kwa babu wa babu, mlango wa mawe ulikuwa umekauka. Ndipo akahisi mgongo unamchoma. Akageuka, pu! Akagonga jiwe.

"Umenifungia."

"Bahari ndiyo iliyofunga, Mwinyi. Mie nilikuwa nasikiliza tu."

Jua likapanda. Maji yakawa moto kama mchuzi. Chewa akahema, mashavu yakipiga fu, fu, fu.

"Nisitiri, nakufa."

"Chini ya tumbawe langu kuna shimo lenye kivuli. Lakini litazame tumbawe lenyewe kwanza. Lilikatika nyumbani kwako wakati wa dhoruba, likiwa kipande kidogo, mawimbi yakalileta. Ni damu moja na lile lililokufia kule."

"Mbona hili liko hai?"

"Limekulia hapa. Kila maji yakipwa linaonja moto, yakijaa linapumzika. Limezoea."

"Basi ukoo si kitu."

"Ni kitu. Yaone yale meupe pale pembeni. Ni ya ukoo mwingine. Yamekulia humuhumu, kwenye moto uleule, na yamekufa. Apa kwamba utachukua vipande vya haya yaliyo hai, ukavipande kule nje, na hapa hutarudi."

Chewa akaapa, sauti imemkauka. Mwanakheri akamwonyesha shimo. Chewa akajisokomeza humo, akabaki anahema.

Maji yalipojaa tena, akatoka. Nguvu zilikuwa zimemrudia. Akayakodolea macho mayai ya Mwanakheri. Taratibu akafungua mdomo.

Mwanakheri hakurudi nyuma. Alishakata tawi kubwa la tumbawe, akalisukuma hadi likakaa sawasawa kati ya taya.

"Shika vizuri, Mwinyi. Ukilivunja hili, utalala wapi?"

Chewa akatulia. Akamtazama kaa, akautazama mlango. Kumeza hawezi, kutema anaogopa. Akageuka, akatoka polepole, asije akalikwaruza tawi kwenye mawe.

Akalipanda kule nje, na mengine baada yake. Joto liliporudi mwaka uliofuata, matawi yale hayakupauka, na jamaa za Chewa wakapata pa kulala. Mwanakheri naye alikuwa ameshaangua mayai yake kidimbwini.

Ndiyo hivyo, wanangu: ukoo hutoa mbegu na malezi hutoa nguvu, na anayejivunia kimoja tu huumbuliwa na jua.