Kwale Asiyebeba Pilipili

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa pilipili!"

Haya, semeni polepole, Fisi asitusikie.

Zamani hizo Fisi alikuwa mlinzi wa njia ya kisimani, na tumbo lake halikujua asante. Mnyama mdogo akipita, hap! Siku moja Panya akamrushia unga wa pilipili machoni. Uuwii! Kesho yake ikatoka sheria. Kununua pilipili ya kujilinda, kibali. Kubeba pilipili ya kujilinda, kibali. Na kibali hutolewa na nani? Na Fisi, ndani ya pango lake. Panya akaingia kuomba kibali, hakutoka. Digidigi akaingia, hakutoka.

Kwale aliogopa sana. Alikuwa na vifaranga wanne wasiojua kuruka, na kiu ilikuwa inawamaliza. Njia ya maji ni ile ile moja. Akaenda dukani kwa Nungunungu.

"Kaka, niuzie pilipili."

"Ya mchuzi au ya macho?"

"Ya mchuzi."

"Hapo sawa, dada. Ya macho sina ruhusa."

Ndege haungui na pilipili, hilo mnalijua. Kwale akazidonoa, ko, ko, ko, zikawa rojo. Rojo lote akalijaza mdomoni, akafumba. Wakashika njia.

"Simama!"

Fisi huyo, katikati ya njia. Vifaranga wakajibana ubavuni mwake.

"Umebeba pilipili?"

Kwale akatikisa kichwa.

"Bawani?"

Akafungua bawa. Hamna.

"Mkiani?"

Akainua mkia. Hamna.

Fisi akamlamba kifaranga wa mwisho, taratibu, kama anayeonja chumvi. Kwale alitaka kupiga kelele, na kelele hiyo ingewaua wote. Akabana mdomo.

"Mbona husemi? Umeficha nini? Fungua mdomo nikague. Ni sheria!"

Akausogeza uso wake karibu kabisa, macho kodo.

Kwale akatii sheria. Pwaa!

"Uuwii! Macho yangu!"

"Kimbieni, wanangu!"

Chwi, chwi, chwi, hao! Fisi nyuma yao akajigonga pangoni mwake, du, du.

Kisimani vifaranga wakanywa. Kwale hakunywa. Alikuwa anawahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akaanza tena.

Funzo, watoto wangu: msibebe pilipili bila kibali. Na mkubwa mwenye sheria akikwambia fungua mdomo, usimbishie. Fungua.

Hadithi nimeitua hapa. Anayewashwa, akanawe uso.