Mabilingani ya Bi Mize

Sogeeni, na anayesinzia akae karibu nami nimfinye. Leo nataka hukumu.

Bi Mize alikuwa mkongwe asiye na mtoto wala ndugu. Alikula peke yake, akaugua peke yake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kiwanja cha mawe, hata magugu yalikisusa. Siku moja akawaambia majirani watatu:

"Atakayenioteshea mabilingani hapa, siku ya chumo la kwanza atahamia kwangu. Nina chumba kimoja na kitanda kimoja. Awe mwanangu, na nikifa anizike."

Usicheke, wewe. Hao watatu nao walikuwa wapweke.

Raya, aliyeachwa na mumewe akarudi kwa kaka yake asikotakiwa, alijua mboji. Alirundika maganda, majivu na samadi ya mbuzi, akageuza miezi miwili mizima hadi ikaacha kunuka.

Chausiku, mjane, alijua matandazo. Aliokota makuti chakavu, mikeka iliyochanika na maboksi ya dukani, akaufunika udongo usikauke. "Jua la huku halina huruma," alisema. "Udongo nao wataka shuka."

Mwanahamisi, ambaye wanawe wamehama na simu hawapigi, alijua miche. Aliiotesha kwenye makopo, akaihamisha alasiri, kila mche akiukinga kwa kifuu cha nazi. Ati akiisalimia mmoja mmoja! Mwacheni, hakuwa na mwingine wa kumsalimia.

Bila mboji miche ingekufa njaa. Bila matandazo ingekufa kiu. Bila miche wangemwagilia mawe.

Basi kila alasiri wakawa uani kwa Bi Mize, wakitaniana, wakinywa uji wa sufuria moja. Bi Mize akaanza kucheka, jambo ambalo mtaa ulikuwa umeshalisahau.

Mibilingani ikazaa, mabilingani yakanenepa. Raya akauliza, "Bi Mize, tuchume?"

"Bado, mwanangu."

Wiki ikapita. Chausiku akauliza, jibu lile lile. Mwanahamisi hakuuliza kabisa. Alijua siku ya chumo mmoja ataingia, na wawili hawatakuwa na uso wa kurudi pale.

Sasa yanageuka manjano. Wiki ijayo yataoza.

Msiniambie wagawane! Kitanda ni kimoja, na mkongwe ameshaapa. Nani ahamie kwa Bi Mize? Na ukishataja jina, ujue ni wewe utakayekwenda kuwaambia wale wawili kesho wasije. Haya, uliyekaa mlangoni, wewe ungeamua vipi?