Jino la Kupigia Mluzi

Sogeeni. Mwenye meno aje na jibu, kibogoyo aje na masikio, na wewe unayefungua soda kwa meno kaa hapa mbele nikuone vizuri.

Huko milimani palikuwa na mzee akiitwa Kangero. Mkewe alishafariki, wanawe wametawanyika, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, pale njia inapokatikia. Kipaji chake kilikuwa mluzi. Si huu wenu wa kuitia mbwa. Aliubana ulimi nyuma ya meno ya mbele, akapuliza, na sauti ikavuka bonde zima hadi mlima wa pili, alikokaa mdogo wake, Mrutu. Wote wawili miguu ilishawakatalia, bonde lile hawakulivuka tena. Basi kila jioni Kangero alijikongoja hadi mwamba ulio nyuma ya nyumba, akapiga: Nipo. Akangoja. Ng'ambo ikajibu: Nami nipo. Akaingia ndani, akala ugali wake peke yake. Mazungumzo yake ya siku nzima ndiyo hayo. Walikuwa wameapiana kwamba jioni mmoja akinyamaza, mwenzake aanze kulia.

Mtaniambia simu. Hebu nitokeeni hapa! Wazee hawaoni vitufe, na mtandao wenyewe kule huja ukipenda.

Kwenye mteremko ule waliishi watu wengine watatu, kila mmoja na mlango wake na upweke wake. Nakiete alikuwa mjane, na kipaji chake kilikuwa ulimi: akikushikia jambo, utalifanya tu ili upumue. Mchome alikuwa mkulima, na kipaji chake kilikuwa macho na miguu. Wa tatu alikuwa Nyamizi, tabibu wa meno katika kituo cha afya pale chini, msichana aliyeletwa kikazi kutoka Tabora. Kipaji chake kilikuwa mikono. Aling'oa gego mtu akiwa bado anajieleza. Lakini tangu afike hakuna aliyemwita kwa jina lake. Daktari, daktari, basi.

Sasa sikilizeni alichofanya Nakiete.

Mke wa Kangero alipofariki, mzee aliacha kupiga mswaki. "Nitamchekea nani?" alisema. Fizi zikavimba, zikawa nyekundu, akiuma hata muhogo wa kuchemsha unatoka na damu. Yeye akasema ni uzee. Nakiete akamjia juu.

"Shemeji, fizi kutoka damu si uzee, ni uchafu! Marehemu angekuwepo ungethubutu kumsogelea na mdomo huo?"

"Niache, Nakiete."

"Sikuachi ng'o. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Kila asubuhi akawa anamletea mswaki wa mti aliokata mwenyewe na kuutafuna ncha ukalainika, eti mzee asipate kisingizio, anasimama mlangoni mpaka asugue. Jioni anarudi, anasimama tena. (Ndiyo, alimtafunia! Mnaguna nini? Baadaye Nyamizi alimkataza, akampa mzee mswaki wa dukani.) Akamkokota hadi kituoni, Nyamizi akamkwangua ugaga ulioganda kama chokaa kwenye shina la meno. Miezi ikapita. Damu ikakoma, fizi zikashika. Shukrani? Mzee alimwita nyigu.

Haya, Mchome.

Asubuhi moja Kangero alikuwa amemaliza kukamua mbuzi wake, akainama kumfungua kamba ya shingoni. Mbuzi akarusha kichwa juu. Paa! Jino la mbele, lile lile la mluzi, likadondoka zima na mzizi wake. Mzee wa miaka sabini akafanya nini? Akafanya alichofundishwa na bibi yake alipokuwa hana hata suruali. Akaliokota, akalirusha juu ya bati, akasema, "Kunguru, chukua bovu, nipe jema!"

Msicheke. Mtu akishtuka hurudi utotoni, na pale hapakuwa na mkubwa mwingine wa kumwambia kwamba kunguru hawalipi wazee meno.

Mchome alikuwa akipita na toroli la samadi. Akasikia kitu kinagonga bati, akakiona kinateremka na kuangukia kwenye maharage. Akaingia shambani, akachambua majani mpaka akalipata. Akalishika upande wa kutafunia, si kwenye mzizi.

"Lete nilisugue na majivu," akasema Kangero, mdomo umejaa damu.

"Thubutu, mzee! Ukisugua mzizi umeliua."

Akalisuuza kidogo tu kwa maziwa yale ya mbuzi, akamimina mengine kwenye kikombe, akalitumbukiza. Akampa mzee kitambaa safi akibane pale palipotoka damu. Unajua alijifunzia wapi? Mwanawe aling'oka jino uwanjani akicheza mpira, naye Mchome akalifunga kwenye karatasi, akasema watakwenda kesho. Kesho yake likawa limekufa. Mtoto alikua na pengo, akaenda nalo mjini, na mpaka leo hajaleta hata salamu. Basi Mchome akamwaga samadi palepale, akampakia mzee kwenye toroli na kikombe mkononi. "Shika vizuri, na usiniambie pole pole." Akateremka mlima mbio, akipiga kelele watu wampishe.

Na msiniulize kuhusu mbuzi. Najua yupo mmoja wenu anayetaka kusema kwamba aliyetoa maziwa naye adai sifa. Aliyetoa maziwa ndiye aliyetoa jino. Akae na majani yake.

Nyamizi sasa.

Asubuhi ileile likizo yake ilikuwa imeanza. Tangu aletwe kule hakuwa amemwona mama yake. Gari la kwenda mjini hufika kituoni mara moja kwa wiki, nalo lilikuwa nje linanguruma, begi lake limeshapakiwa. Akiwa mguu mmoja ndani, akaliona toroli linakuja, mzee amekaa humo kama gunia, kikombe amekikumbatia kifuani. Dereva akapiga honi. Nyamizi akashusha begi.

"Nenda," akamwambia dereva.

Akanawa mikono. Akalirudisha jino kwenye tundu lake taratibu, akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya kando yake. "Babu, uji na vitu laini tu. Usiume kitu kwa upande huu. Sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, mswaki laini, usiache hata siku moja. Na mluzi hapana, mpaka nikuruhusu."

"Kwani ungeniwekea la bandia si ungewahi gari lako, mjukuu wangu?"

"La bandia lingekupa kucheka. Mluzi sijui."

Wahenga walishasema, jino la pembe si dawa ya pengo. Gari likaondoka. Nyamizi alilisikia mpaka lilipoishia kwenye kona.

Siku ileile ilikuwa ya soko, ujumbe ukapelekwa ng'ambo kabla ya jioni: mzee yupo, jino tu ndilo lililoyumba. Mrutu akajibu, "Mwambieni nitapiga peke yangu mpaka arudi." Na kweli, kila jioni mluzi ulivuka bonde, na Kangero alikaa mwambani, meno yamefungwa waya, akisikiliza anavyoitwa na hawezi kujibu. Machozi yalimtoka. Mtu mzima analia kwa sababu ndugu yake anamwita, mnaielewa hiyo?

Waya ukatolewa. Jino likashika. Siku Nyamizi alipomruhusu, mzee akapanda mwambani, akapiga: Nipo. Kisha ng'ambo ikajibu, ikajibu tena, ikajibu tena, Mrutu hakutaka kuacha.

Kesho yake Kangero akawaita wale watatu. "Sina ng'ombe wa kuwapa," akasema. "Nina mluzi. Pumzi yangu ya jioni inatosha miito miwili. Mmoja ni wa Mrutu. Wa pili nitampa mmoja wenu. Nitamtungia mluzi wenye jina lake, nimwite kila jioni mpaka nife."

Msidhani ni zawadi ndogo. Wale watatu walitazama chini, kwa maana kila mmoja aliutaka.

Nakiete akaanza. "Jino lilirudi kwenye ufizi. Ufizi ule ulioza, nikausimamia asubuhi na jioni, nikaitwa nyigu. Ufizi mbovu ungeshika nini? Na tangu rafiki yangu, mkeo, afariki, jua likizama hakuna anayetaja jina langu."

"Ufizi mzima bila jino ni pengo," akasema Mchome. "Jino lilikuwa la kunguru. Nililitoa kwenye maharage, nikalitia kwenye maziwa, nikakukimbiza wewe mwenyewe. Nami nina mtoto aliyenisahau sauti."

Nyamizi akawa wa mwisho. "Jino kwenye kikombe ni jino kwenye kikombe tu, babu. Niliacha gari liende. Watu hapa wananisalimia vizuri, sina ubaya nao. Lakini mnajua naitwa nani?"

Mtaniambia wapokezane zamu. Mchome naye alisema hivyo, mzee akatikisa kichwa. "Mwito wa hapa ukikosa jioni moja, maana yake ni kifo. Siwezi kumuua mtu leo nikamfufua kesho."

Jioni ikaingia. Kangero akapanda mwambani, akampigia Mrutu, Mrutu akaitika. Kwenye mteremko milango mitatu ilikuwa wazi, na kwenye kila mlango mtu mmoja amesimama. Mzee akalowesha midomo, akaubana ulimi nyuma ya jino lile, akavuta pumzi. Mmoja ataitwa. Wawili watasikia, jioni hii na kila jioni, jina la mwenzao likipita juu ya paa zao.

Haya, wewe mwenye meno yako yote, pumzi imeshavutwa. Unampigia nani?