Magunia Kumi ya Nakijwa

"Kilichopokelewa ndicho kilichouzwa." Mmeisikia leo sokoni mkacheka, sasa mnaniuliza nani aliitunga. Methali hii ilianza hivi, na kicheko msikitegemee.

Hapa bondeni alikuwapo mjane aitwaye Nakijwa, aliyelima vitunguu kwenye shamba la kukodi. Mavuno yakiuzwa, angebaki na shamba. Yasipouzwa, mwenye shamba angelichukua. Hakuwa na kingine cha kuwalisha wanawe.

Akaja mchuuzi, Shebughe, akayatazama matuta. "Mama, nachukua yote, magunia sitini. Ng'oa, kata majani, lori linakuja Alhamisi." Wakapeana mikono. Enzi hizo mkono ulitosha. Kumdai mtu karatasi ilikuwa sawa na kumwita mwizi.

Kitunguu hakikatwi majani mpaka shingo ikauke, ama sivyo kinaoza. Nakijwa alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini aliona vitunguu vimeshapata mwenyewe, akavikata vyote vingali vibichi.

Lori likaja. Shebughe akapakia magunia kumi, akayalipia, akasema yaliyobaki atayafuata kesho. Kesho yake bei ikaanguka, naye hakuonekana tena mpaka baraza letu la wazee lilipomwita.

"Nilinunua kumi, nikalipa," alisema bila haya. "Kama kuna mapatano mengine, aonyeshe maandishi."

"Wazee wangu," Nakijwa alisema, "kama hatukupatana, hayo kumi aliyachukuaje? Na mimi ningekata shamba zima kwa ajili ya nani?"

Tulijua anasema kweli. Harufu ya vitunguu vyake vilivyokuwa vikioza ilitufikia pale pale tulipokaa. Lakini kanuni za baraza letu zilisema mapatano ya mdomo hushika kwa mali iliyokwisha kupokelewa tu. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

"Mama," nikamwambia, "kilichopokelewa ndicho kilichouzwa."

Hakulia. Aliuliza tu, "Na kilichooza ni cha nani, baba?"

Nikafunga baraza. Mwezi haukwisha, akahama na wanawe, hatukupata habari zao tena. Watu wakaiokota kauli yangu, wakaifanya methali ya kuonyana: andikishaneni kabla hamjakata, hata mnunuzi akinuna. Wanadhani ni hekima. Mimi niliyeitamka naijua ilivyo: nilimfukuza mjane kwa maneno matatu, na kila neno lilikuwa sahihi.

Kilichopokelewa ndicho kilichouzwa.